Majina ya Jumatatu

Korogwe ya Zamani,
17 Februari 1997

Dada Namelok,

Shikamoo. Natumaini goti la mama limepata nafuu, watoto wazima, ng'ombe wazima. Mimi sijambo. Nimepanga chumba Kilole kwa mjane anayekaanga maandazi alfajiri, kwa hiyo msinihurumie kwa chakula. Mwambie mama mke bado sijapata, na asinitafutie.

Gazeti nimeliacha. Siku hizi magazeti ni mengi kama mitumba na kila mwenye nalo anataka habari za mpira na wanamuziki. Nimeajiriwa na Kituo cha Utafiti wa Haki za Binadamu cha chuo kikuu. Ofisi yao ya huku ni nyumba ya zamani karibu na mto. Tuko wanne: Dkt. Hiza, mkuu wetu; Husna wa Masuguru, mpiga chapa; Mhina, dereva; na mimi. Tangu serikali ianze kuuza ranchi na mashamba yake, watu wanaondolewa kwenye ardhi na wengine hawaonekani tena. Tunarekodi maelezo ya ndugu zao, tunayapiga chapa, na wakili wa Kituo anayapeleka mahakamani.

Jalada la ndugu yetu Kuntai limefunguliwa. Nililiomba mwenyewe. Wakili ameunganisha habari zake na shauri la bwawa la Kwedisima. Tukishinda, kampuni iliyonunua ranchi itabomoa uzio na mifugo itakunywa kama zamani. Tukishindwa, bwawa ni lao.

Kituo kina desturi moja ambayo ungeicheka. Kila Jumatatu saa nne, kabla ya kazi, tunasimama barazani na mmoja wetu anasoma kwa sauti majina ya wote waliopotea. Anasoma jina moja, tunanyamaza kidogo, kisha linalofuata. Dkt. Hiza aliiona kwenye mkutano huko nje. Anasema kile kimya ndicho kinachotuuma tufanye kazi. Leo jina la Kuntai limesomwa kwa mara ya kwanza.

Niandikie ulichokiona siku ile bwawani, kwa utaratibu, bila kuruka.

Mdogo wako,
Mikaeli


Kwedisima, kwa mkono wa Rehani, Handeni
20 Machi 1997

Ndugu yangu Mikaeli,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Rehani pale duka la dawa za mifugo mpaka ikanuka dawa ya kupe. Mama anakusalimu na goti lake. Anauliza kama Korogwe wanawake wamekwisha. Shemeji yako Nemayian anakusalimu. Watoto wa Kuntai wanakusalimu, mdogo anasema "mjomba gazeti" badala ya "baba mdogo", nimemwacha tu. Mvua hakuna. Ng'ombe tunawainua kwa kuwashika mkia.

Unaniuliza habari za Kuntai kama askari. Haya, andika. Walinzi wa kampuni walikuja asubuhi na gari mbili, wakatuambia uzio umefungwa na mifugo itoke. Tukaitoa. Mtamba mmoja wa Kuntai alikuwa amenasa kwenye tope upande wa mbali. Kuntai akasema hawezi kumwacha. Mimi nikamwambia, "Mwache, ni mtamba mmoja." Akasema, "Wewe ungeachwa?" Akacheka, akaruka uzio. Tukasikia mlio mmoja. Sikumwona mtamba tena wala Kuntai. Walinzi wakasema alikimbilia ng'ambo na kwamba tukimtafuta ndani ya uzio tutashtakiwa.

Ndiyo hayo. Mtu aliyepotea hajafa. Mama bado anamwekea maziwa kwenye kibuyu chake, kila asubuhi anayamwaga na kutia mengine. Mzee Mepukori alimwambia maziwa ni ya kuhurumia mwaka huu, naye akamjibu, "Baba mkubwa, mwanao akisafiri humpikii?"

Nilipomsomea mama habari ya majina yenu alifurahi sana. Alisema, "Waambie wamwite kwa nguvu. Kuntai tangu utotoni hasikii mpaka umwite kwa nguvu."

Dada yako,
Namelok


Korogwe ya Zamani,
14 Aprili 1997

Dada Namelok,

Shikamoo. Salamu zote zimefika, na za mjomba gazeti nimezipokea. Huku nako ni kukavu, mto umeshuka mpaka watoto wanavuka kwa miguu. Husna anamsalimu mama. Nilimsomea ule ujumbe wa kuita kwa nguvu, akasema mama yetu ana akili kuliko Kituo kizima.

Maelezo yako ni mazuri, ila yana nafasi tupu. Kampuni imejibu mahakamani kwamba Kuntai aliiba mtamba na kuhamia Morogoro. Wakili anasema bila mwili, au bila mtu atakayeapa kwamba aliuona mwili, shauri litaanguka, na bwawa litaanguka nalo. Kwa hiyo nijibu: mlio ulitoka upande gani? Tope lile liko mbali kiasi gani na uzio? Nani huruhusiwa kuingia sasa?

Leo ilikuwa zamu yangu kusoma. Nilisoma kwa nguvu, kama alivyoagiza mama.

Mikaeli


Kwedisima,
2 Juni 1997

Ndugu yangu Mikaeli,

Marahaba. Mama hajambo. Watoto hawajambo. Mzee Mepukori ameuza madume mawili kwenye mnada wa Chanika kwa bei ya mbuzi. Bwawa limekauka karibu lote, na kampuni sasa inaruhusu wanawake kuchota kwenye madimbwi yaliyobaki, wanawake tu, bila mifugo. Mimi na Nemayian tunakwenda.

Nemayian amenyoa nywele. Anasema ni chawa.

Mama anaendelea na maziwa yake. Usimwandikie chochote cha kumshtua. Barua zako nasoma mimi, lakini huwa anakaa karibu na kuniangalia usoni.

Kuna jambo la yule mbwa wa kijivu, sijui kama unamkumbuka. Tangu wiki kadhaa, kuna siku anaamka alipolala, anakwenda mpaka mlango wa boma akitikisa mkia, anatoka, anatembea mpaka njia ya Sindeni, halafu anarudi peke yake. Hafukuzi kitu. Mama amesema, "Huyu anasindikiza mtu." Ng'ombe siku hiyo hawatoki mpaka mbwa arudi.

Maswali yako sina majibu yake. Usiyatume tena.

Namelok


Korogwe ya Zamani,
18 Juni 1997

Dada Namelok,

Shikamoo. Nafurahi kwamba wote ni wazima. Mjane wangu amepandisha bei ya chumba na kupunguza ukubwa wa maandazi, anasema ndiyo soko huria.

Nimesoma barua yako mara mbili, kama nilivyokuwa nikisoma taarifa za serikali, kutafuta kisichomo. Kwenye barua ya Machi umeandika jina la Kuntai karibu kila mstari. Kwenye hii ya Juni halimo hata mara moja. Umeandika "watoto", hukuandika ni wa nani. Na Nemayian amenyoa, kama mjane.

Tumelelewa boma moja, dada. Najua kwamba mtu wetu akifa jina lake halitajwi tena, kwa sababu anayemtaja anamwita. Aliyepotea hutajwa. Aliyekufa hatajwi. Kwa hiyo kati ya Machi na Juni kuna kitu umekiona, na bwawa limekauka katikati ya miezi hiyo hiyo.

Sikuulizi kama ndugu, nakuuliza kwa ajili ya shauri. Yuko wapi? Ukiniambia mahali, Dkt. Hiza ataomba amri ya mahakama na daktari wa serikali atakuja. Kampuni haitaweza tena kusema Morogoro.

Mikaeli


Kwedisima,
9 Agosti 1997

Ndugu yangu Mikaeli,

Marahaba. Ng'ombe wamekufa wengi, sitaki kuwahesabu. Mama mzima. Nemayian mzima, chawa wamekwisha.

Swali lako sijibu. Mama hajui lolote, na siku atakapojua atamwaga maziwa ya mwisho na kukigeuza kibuyu, na mimi sijui atakula nini baada ya hapo. Halafu ninyi mtakuja na majembe. Mtamtoa, mtamweka kwenye mfuko, mtamwandika kwenye magazeti, karani wa mahakama atalipaza lile jina mlangoni. Kila mtu asiyemjua atalitaja. Mtu wa namna hiyo atalala wapi?

Mimi nina habari ya kukupa badala ya jibu. Uliandika kwamba mnasoma siku ya Jumatatu, saa nne. Nimeitafuta ile barua na kuisoma tena. Siku ya mbwa ni Jumatatu. Jua likiwa limepanda, wakati wa kuwatoa ng'ombe.

Jumatatu moja ya Julai mbwa alipofika njiani hakurudi upesi. Nemayian akamfuata. Akaona mtu mbele, anatembea kuelekea Sindeni, amevaa shuka nyekundu iliyofifia kama iliyokaa majini. Alikuwa anakanyaga kwa kuvuta mguu wa kushoto kidogo. Unajua nani anakanyaga hivyo. Nemayian hakumwita. Alikaa chini palepale njiani, akashika mdomo wake kwa mikono miwili, kwa sababu ulitaka kumwita.

Jumatatu iliyofuata wachoma mkaa walimwona mbele zaidi. Hakuanza tena kutoka hapa. Alianzia pale alipoishia.

Wewe ni msomi, nikuulize kitu chepesi. Ninyi mnaita jina, kisha mnanyamaza na kusubiri. Sisi tukimwita mtu na kumsubiri, maana yake tunataka aje. Mtu akiitwa na akasubiriwa, afanyeje?

Acheni. Mwambie huyo mkubwa wenu. Liacheni jina hilo moja, mengine endeleeni nayo.

Namelok


Korogwe ya Zamani,
25 Agosti 1997

Dada Namelok,

Shikamoo. Poleni kwa mifugo. Nimempa Rehani dawa na chumvi ya mifugo awaletee.

Nilimpelekea Dkt. Hiza ombi lako, bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mikaeli, waliomwua wanataka nini? Wanataka jina lake lisitajwe. Mimi nitawasaidiaje kwa hilo?" Nikamwambia kwetu ni desturi. Akasema, "Najua. Kwetu Usambaa pia tuna za kwetu. Lakini nikiliondoa jina moja kwa sababu ya familia, kesho mkurugenzi wa kampuni ataniletea barua kutoka kwa familia tano."

Mimi mwenyewe nina maoni yangu. Mbwa huzoea siku, hasa siku ya gulio. Watu warefu wenye shuka zilizofifia wako wengi kwenye njia ile mwaka huu, wote wanatafuta maji. Nemayian ana huzuni, na huzuni huona.

Jambo moja naliandika kwa kuwa limetokea. Jirani yetu wa Korogwe ya Zamani anafuga bata, na kelele zao hatujawahi kuzikosa tukisoma majina. Leo, jina la Kuntai liliposomwa, wale bata walinyamaza. Jina lililofuata wakaendelea. Husna aliniangalia. Sikulitafsiri.

Shauri limepangiwa Desemba. Bado nakuomba mahali.

Mikaeli


Kwedisima,
3 Oktoba 1997

Mikaeli,

Wote wazima. Chumvi imefika.

Nakuandikia haraka kwa sababu Rehani anaondoka. Rehani ni Mzigua, Mwislamu, hana habari na mambo yetu, na macho yake hayana huzuni. Jumatatu iliyopita alikuwa na baiskeli yake, ng'ambo ya Sindeni, upande wa Korogwe. Akamkuta njiani mtu anayemjua, maana alimuuzia dawa ya kupe miaka yote. Akamwambia, "We bwana, kumbe uko hai! Kwenu wanalia. Unakwenda wapi?" Yule akajibu bila kugeuka: "Nimeitwa Korogwe." Rehani akamwambia apande baiskeli amsogeze. Akasema, "Siwezi. Natembea siku ya kuitwa tu."

Rehani akaja kunipongeza kwamba ndugu yangu amepatikana. Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

Sasa wewe uliyezoea kuuliza maswali, lijibu hili. Kama anatembea Jumatatu tu, siku zile nyingine anasimama wapi? Juani? Katikati ya njia? Anawaangalia watu wanaopita?

Namelok


Korogwe ya Zamani,
18 Novemba 1997

Dada Namelok,

Shikamoo. Barua yako ya Oktoba niliipata, nimechelewa kuijibu. Huku mvua imeanza na haijui kuacha. Mto umepanda mpaka ukuta wa nyuma wa ofisi. Wanasema ni mvua ya dunia nzima, ina jina la Kihispania. Natumaini mmehamisha ndama.

Nitaandika kwa utaratibu.

Jana, Jumatatu, ilikuwa zamu yangu kusoma. Dkt. Hiza yuko Tanga kwa wakili. Nilipofika kwenye jina la Kuntai nililiruka. Sikuwa nimepanga. Ulimi ulikwenda kwenye jina linalofuata. Husna na Mhina waliona.

Leo asubuhi nilikwenda posta. Niliporudi nilimkuta Husna amesimama nyuma ya meza yake, amefunga kitenge kichwani kama mtu anayesikia baridi. Nilimhoji kama ninavyomhoji shahidi yeyote. Hapa naandika alivyosema.

"Kaka Mikaeli, kuna mtu alikuja. Mrefu, wa kwenu. Alisimama pale barazani, nje ya kizingiti. Nikamwambia karibu ndani, mvua hiyo. Hakuingia. Akauliza, 'Ndiyo hapa panapoitwa watu?' Nikamwambia hapa ni Kituo. Akasema, 'Kila wiki mlikuwa mnaniita, nami nikawa nakuja. Jana hamkuniita. Nimeshafika mlangoni. Niingie au nirudi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema mwenyewe hayupo, asubiri. Nikageuka kumchukulia kiti. Kugeuka tena, hakuna mtu. Kaka, mie Qur'ani naijua, sikuogopa sana. Kilichonichoma ni vile alivyouliza. Kwa adabu. Kama mtu aliyepanga foleni siku nzima halafu dirisha likafungwa."

Nilikwenda barazani. Mvua ilikuwa inapiga tangu usiku na sakafu yote ilikuwa na maji na tope letu la viatu. Mbele ya kizingiti palikuwa na nafasi mbili za unyayo, moja imevutwa kidogo. Zilikuwa kavu. Ndani yake palikuwa na vumbi jekundu, vumbi la kwetu, kavu kabisa. Nililigusa. Mhina alikuwa shahidi.

Sijui kama naamini. Nimeandika nilichokiona. Ila swali liliulizwa kwenye ofisi yangu na mimi ndiye niliyeliruka jina, kwa hiyo jibu linanihusu. Nikimwita tena, ataingia, na sijui akiingia inakuwaje. Nisipomwita, amekwama hapa mlangoni, mbali na kwao.

Nimwambie nini, dada?

Mdogo wako,
Mikaeli


Kwedisima,
24 Novemba 1997

Mikaeli mdogo wangu,

Marahaba. Barabara imekatika, Rehani anakuletea hii kwa mkono, sehemu nyingine atavuka kwa kuogelea. Mlipe chai.

Nilimsomea mama barua yako. Yote. Nilianza kuruka pale kwenye vumbi, akaniambia, "Soma na hapo." Nilipomaliza aliuliza tu, "Alikuwa amevaa viatu?" Nikasema haikuandikwa. Akasimama na goti lake, akachukua kile kibuyu, akamwaga maziwa mlangoni, akakigeuza. Akasema alijua tangu Nemayian anyoe. Alikuwa anasubiri nimwambie mimi, na mimi nilikuwa namficha yeye. Miezi yote tumekaa hivyo.

Sasa sikiliza. Usimwambie aingie. Hiyo si nyumba yake. Usimwambie arudi peke yake pia, ametembea vya kutosha. Njoo naye.

Simama pale kizingitini, bila jina, sema tu: "Twende nyumbani." Kisha panda gari na usiangalie nyuma. Mje na daktari wenu na hiyo karatasi ya mahakama. Nitawaonyesha mahali. Maji yalipokauka tulimkuta kwenye tope, mtamba yuko kando yake. Mimi na Nemayian tulimtoa kwa kanga za kubebea kuni. Tulimlaza nyuma ya lile josho la serikali lililofungwa, ambako hapiti mtu, tukaweka mawe na majani mabichi. Nilidhani tumemlaza. Kumbe huku tunamlaza, huko mnamwamsha.

Mwambie Dkt. Hiza nitaapa mahakamani. Sharti langu ni moja. Jina nitalitaja mimi, mara moja, pale kwenye mawe, na baada yangu mtu asilitaje.

Namelok


Korogwe ya Zamani,
26 Januari 1998

Dada Namelok,

Shikamoo. Natumaini mama ameanza kula na mashavu ya Nemayian yamerudi. Mjane wa Kilole amekuletea sufuria, lipo kwa Rehani.

Mahakama imetoa amri leo asubuhi. Risasi aliyoitoa daktari nyuma ya josho imewafunga midomo. Uzio wa bwawa ufunguliwe mpaka shauri la msingi liishe, na wawili kati ya wale walinzi wako rumande. Karani hakulitaja jina. Ameandika "ndugu wa Namelok Lenku", na hakimu aliruhusu baada ya kukusikiliza. Mkiona mtu wa kampuni anawazuia, mwonyesheni nakala niliyoiambatisha.

Kuna mambo sikukuambia siku ile. Tulipoondoka Korogwe nilisema maneno uliyonipa, pale kizingitini, nikajisikia mjinga. Nikapanda mbele. Daktari alikuwa nyuma ya Mhina, kiti kilichobaki kilikuwa kitupu. Tulipofika kwenye makorongo ya Sindeni, gari likakwama, Mhina akauliza, "Huyu wa nyuma mbona hashuki kusukuma?" Daktari akasema, "Nimeshashuka, niko hapa." Alikuwa kweli nje, kwenye tope, anatusukuma. Mhina hakuuliza tena mpaka Kwedisima. Tulipofika, mbwa wa kijivu hakuja upande wangu wala wa daktari. Alikwenda kwenye mlango wa nyuma. Nawe ulikuwa umesimama pale, ulimwona.

Uliposema jina, nilikuwa karibu nawe. Kilichojibu sikukiandika kwenye taarifa ya Kituo, na hapa pia sikiandiki.

Dkt. Hiza amekubali. Sasa tukifika kwenye nafasi ya ndugu yetu hatusomi kitu. Tunanyamaza, kisha tunaendelea na wanaofuata. Bata hawanyamazi tena.

Ila leo kabla ya saa nne nilimkuta Husna anatoa mabenchi ya ndani na kuyapanga barazani, na mtungi wa maji na vikombe. Nikamwuliza ni ya nani, maana hatuna wageni Jumatatu.

Akasema, "Wa kwako alitoka karibu, kaka Mikaeli. Hawa wengine wanatoka mbali. Wako njiani bado."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Benchi la pili ni zito, la mninga, mtu mmoja haliwezi. Nilishika upande wa pili, tukalitoa.

Mdogo wako,
Mikaeli